Ged Aliyepaushwa: mchawi kijana wa Earthsea na vita vya rangi ya ngozi yake

Katika sura ya tatu ya A Wizard of Earthsea, riwaya ya vijana ya Ursula K. Le Guin iliyotoka mwaka 1968, kijana Ged amewasili katika shule ya wachawi kisiwani Roke na anakutana na mwanafunzi mwenzake aitwaye Vetch, mtu wa visiwa vya mashariki. Msimulizi anatueleza kwamba Vetch ni mweusi sana, hana ile hudhurungi yenye wekundu waliyo nayo Ged, Jasper na watu wengi wa funguvisiwa lile. Maelezo yanaishia hapo na hadithi inaendelea. Kwa sentensi hiyo moja, ambayo hata haikuanza kwa kumzungumzia yeye, msomaji ameambiwa rangi ya shujaa wa kitabu.

Yaliyoipata sentensi hiyo ndiyo kisa ninachotaka kukichambua. Tangu kitabu kitoke, wachoraji wa majalada na watengenezaji wa filamu wamempausha Ged mara kwa mara, naye Le Guin akabishana nao mpaka uzeeni. Wengi huuona ugomvi huo kuwa malalamiko ya kawaida ya mwandishi ambaye picha ya mhusika wake haikufanana na aliyoifikiria. Mimi nauona mzito kuliko hivyo. Rangi ya Ged imepangwa ndani ya usimulizi kwa hesabu, na anayeibadilisha anavunja kitu ambacho riwaya nzima inakitegemea.

Alikotoka mwanafunzi huyu

Le Guin alizaliwa Berkeley, California, mwaka 1929. Baba yake, Alfred Kroeber, alikuwa mwanaanthropolojia aliyetumia maisha yake kuchunguza lugha na tamaduni za wenyeji wa asili wa California. Mama yake, Theodora, aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1961 kuhusu Ishi, mtu wa mwisho wa Wayahi, kabila mojawapo la wenyeji hao, ambaye alijitokeza Oroville mwaka 1911 na kuishi katika jumba la makumbusho la chuo kikuu huko San Francisco hadi alipofariki mwaka 1916. Jina lake halisi Ishi hakumwambia mtu. Hilo tunalomwitia lilikuwa neno la lugha yake lenye maana ya mtu. Sidai kwamba riwaya imetokana na maisha yake. Lakini ukisoma habari za ulimwengu ambamo jina la kweli la mtu ni siri anayompa yule tu anayemwamini kwa roho yake, huku ukiwa unajua kisa cha Ishi, zinakugusa kwa namna nyingine.

Visiwa vya Earthsea vilionekana kwanza katika hadithi fupi mbili alizochapisha mwaka 1964. Mwaka 1967 Herman Schein wa Parnassus Press, kampuni ndogo ya Berkeley, akamwomba aandike kitabu cha vijana, chochote apendacho. Hakuwa amewahi kuwaandikia vijana, akasita. Kisha likamjia swali: wachawi wakuu wa hadithi huwa wazee wenye ndevu nyeupe, lakini nao walikuwa vijana siku moja, je, walifundishwa wapi? Shule ya Roke ikazaliwa hapo.

Ni vizuri kukumbuka vitabu vya watoto vya Marekani vilikuwaje wakati ule. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha makala katika jarida la Saturday Review baada ya kukagua vitabu 5,206 vya watoto vilivyotolewa na wachapishaji 63 kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na angalau mtu mmoja mweusi, katika maandishi au michoro, vilikuwa 349, yaani asilimia 6.7. Hesabu hiyo inahusu vitabu vya kila aina. Katika hadithi za njozi, zenye mapanga, falme na mazimwi, shujaa alikuwa mweupe karibu kila mara, na weusi wa ngozi mara nyingi ulikuwa alama ya upande wa uovu.

Usiku wa kilimani

Ged ni mtoto wa mfua shaba wa kijiji cha mlimani katika kisiwa cha Gont. Mama yake alifariki kabla hajatimiza mwaka. Dada wa marehemu, mchawi mdogo wa kijiji, ndiye anayegundua kipaji cha mtoto anapomsikia akiwaita mbuzi kwa maneno aliyoyaokota kwake. Akiwa na miaka 12, wavamizi wa Kikargi wanashambulia, naye anakifunika kijiji kizima kwa ukungu. Sifa zake zinamfikia Ogion, mchawi mkubwa wa Gont, ambaye siku kijana anapotimiza miaka 13 anampa jina lake la kweli, Ged. Watu wengine wote watamwita Sparrowhawk, kwa sababu katika visiwa hivi anayelijua jina lako la kweli ana mamlaka juu yako.

Ogion anafundisha kwa kunyamaza, na Ged hana subira ya kungoja. Anakwenda Roke. Kule anawapita wenzake wote kwa kipaji, lakini hamwezi Jasper, kijana wa kiungwana ambaye dharau yake ni ya upole mno kuweza kujibiwa. Usiku mmoja ubishi wao unafika kilimani. Ged anajitapa kwamba atamwita roho wa mtu aliyekufa, anamwita Elfarran, mwanamke mrembo wa enzi za kale, na katika ule mwangaza hewa inapasuka. Kinatoka kivuli kisicho na umbo, kinamrukia na kumrarua usoni. Nemmerle, Mchawi Mkuu wa Roke, anauziba mpasuko ule kwa nguvu zake zote zilizobaki, na baada ya hapo anafariki. Kijana anaokoka akiwa na makovu na hofu ambayo hatapona upesi.

Riwaya iliyobaki ni habari ya kivuli hicho. Kwanza Ged anakikimbia kutoka kisiwa hadi kisiwa. Halafu, kwa ushauri wa Ogion, anageuka na kuanza kukiwinda. Mwishoni kabisa, kupita visiwa vyote, akiwa na Vetch peke yake mashuani, anakutana nacho uso kwa uso na kukiita kwa jina, na jina lenyewe ni Ged.

Sasa tazama kinachotokea ukimpausha kijana huyu. Unabaki na hadithi ya mvulana mweupe anayefukuzwa na kitu cheusi. Maana yote ya zamani inarudi, ile ambayo weusi ni adui anayetoka nje na ngozi nyeupe ndiyo usalama. Le Guin alikuwa ameyatenganisha mambo mawili yaliyoshikana kwa karne nyingi, giza la uovu na weusi wa ngozi. Giza la kivuli chake ni kiburi, woga na mauti vilivyomo ndani ya kijana mwenyewe. Hudhurungi ya ngozi ya kijana ni ngozi tu, rangi aliyozaliwa nayo kama majirani zake wote. Kwa sababu mambo hayo mawili yametenganishwa, tendo la mwisho la Ged la kukikumbatia kivuli chake linasomeka kwa uzito wake wote bila kuchafuliwa na ubaguzi ambao msomaji huenda amekuja nao.

Kuna na Vetch. Mtu mweusi kuliko wote katika kitabu ndiye rafiki wa kweli kuliko wote. Baada ya ajali ya kilimani, Ged akiwa hajiamini hata kutamka uchawi mdogo, Vetch anamwambia jina lake la kweli, Estarriol. Katika ulimwengu ule hakuna zawadi inayozidi hiyo, maana anamkabidhi maisha yake mtu ambaye ameshasababisha kifo. Mimi kila nikiisoma sehemu hiyo nahisi ndipo moyo wa riwaya ulipo, zaidi hata ya pale kivuli kinapotajwa jina. Na hii ilichapishwa Marekani, katika mwaka aliouawa Martin Luther King.

Jinsi rangi ilivyofichwa

Turudi kwenye ufundi. Katika sura ya kwanza ngozi inayotajwa kwa uwazi ni ile ya wavamizi: Wakargi ni watu weupe, wenye nywele za manjano, wanaofurahia damu na harufu ya miji inayoungua. Weupe ndio unaostahili kutajwa kwa sababu ndio mgeni. Katika sura ya pili tunaambiwa Ogion ni wa rangi ya shaba iliyokoza kama Wagont wengi. Katika sura hiyohiyo binti wa bwana wa Re Albi, anayemshawishi Ged afungue kitabu asichopaswa kukifungua, anaelezwa kuwa karibu mweupe, na wanakijiji wanasema mama yake ni wa nchi ya mbali. Kisha ndipo inakuja ile sentensi ya Vetch.

Kufikia hapo msomaji ameshakaa na Ged kwa kurasa nyingi. Amewaita mbuzi pamoja naye, amesimama naye kwenye ukungu, amechoshwa naye na ukimya wa Ogion. Kama ni msomaji mweupe wa Ohio au Manchester, ameshajiona ndani ya kijana huyu kabla hajaambiwa kwamba hafanani naye. Le Guin alieleza baadaye kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa nia. Uamuzi wake ulikuwa wa kimaadili, uliwalenga vijana wa Marekani na Ulaya, na aliamini mwandishi anaweza kuudhoofisha ubaguzi kwa kupindua tu kile msomaji anachokitarajia.

Wengine wamesema amegeuza ubao tu, waovu wakawa weupe na wema wakawa wa rangi. Jibu liko katika riwaya iliyofuata, The Tombs of Atuan ya mwaka 1971, ambayo shujaa wake ni Tenar, msichana wa Kikargi, mweupe, aliyelelewa kuwa kuhani wa makaburi. Ged anaingia humo akiwa mgeni mwenye uso mweusi, na tunamwona kwa macho ya Tenar.

Kasoro kubwa ya kitabu cha kwanza iko kwingine. Shule ya Roke ni ya wavulana peke yao, na visiwani kuna misemo inayouita uchawi wa wanawake dhaifu na mwovu. Le Guin aliuacha mpaka ule ukae kama alivyoukuta katika hadithi za mashujaa, na miaka 22 ilipita kabla hajaurudia na kuuvunja katika riwaya ya Tehanu ya 1990. Hilo ni kisa kingine.

Majalada

Toleo la kwanza la Parnassus lilichorwa na Ruth Robbins, na uso wa Ged jaladani ni wa rangi ya shaba. Le Guin alilipenda mpaka mwisho. Baada ya hapo kitabu kilipita mikononi mwa wachapishaji wakubwa, na yeye hakuwa na sauti juu ya picha. Alisimulia kwamba alipomwona Ged wa toleo la kwanza la Uingereza, amepauka na kulegea, alipiga ukelele.

Hapa kuna swali ambalo silioni likiulizwa. Ikiwa ufundi wa riwaya ni kuichelewesha rangi ya Ged, je, jalada la kweli la Robbins halifichui siri kabla ya wakati? Kwa msomaji mweupe niliyemtaja, ndiyo, linafichua kiasi. Lakini kitabu kina msomaji wa pili, ambaye wachapishaji hawakumwona dukani: kijana wa rangi ya Ged mwenyewe. Huyu hahitaji kunaswa na sentensi ya sura ya tatu. Anahitaji kuliona jalada, akichukue kitabu, aanze ukurasa wa kwanza. Le Guin alisema aliwahi kusikia, si mara nyingi lakini kwa namna isiyosahaulika, kutoka kwa wasomaji wasio weupe waliomwambia kwamba vitabu vya Earthsea vilikuwa vya pekee katika hadithi za njozi ambamo walijihisi wamo.

Jalada la uongo linawadhulumu wote wawili. Msomaji wa pili analipita. Msomaji wa kwanza anaanza kusoma akiwa na uso mweupe kichwani, na picha ina nguvu kuliko kishazi kilichofichwa katikati ya maelezo ya mtu mwingine. Akifika sura ya tatu anaisoma haraka na uso wake wa awali haubanduki. Mbinu iliyotegemea wepesi wa sentensi inashindwa kwa sababu ya wepesi huohuo. Ndiyo maana nasema jalada hapa si pambo. Linaingia kichwani mwa msomaji kabla ya maandishi.

Wachapishaji walikuwa na jibu moja la kudumu, kwamba uso mweusi jaladani hauuzi. Juni 2004, akizungumza Chicago mbele ya watu wa biashara ya vitabu, Le Guin alikiri kwamba alipigana na idara nyingi za majalada kuhusu jambo hili na mara nyingi akashindwa. Kisha akawauliza: kama vijana weusi na wa jamii nyingine zisizo za kizungu hawanunui hadithi za njozi, je, haiwezekani ni kwa sababu hawajioni kamwe kwenye majalada yake?

Mwaka 2004 kwenye televisheni

Desemba mwaka huohuo kituo cha Sci Fi cha Marekani kilionyesha Earthsea, tamthilia ya sehemu mbili iliyochota kutoka riwaya mbili za kwanza. Ged aliigizwa na Shawn Ashmore, kijana mweupe kutoka Kanada. Ogion akawa Danny Glover, karibu mtu pekee mweusi miongoni mwa wahusika wakuu. Tenar, ambaye kitabuni ni mweupe, aliigizwa na Kristin Kreuk, mwenye asili ya Kichina upande wa mama. Mpangilio wote wa rangi ukawa umepinduliwa.

Na majina pia yalipinduliwa. Katika tamthilia hiyo Ged ni jina ambalo kila mtu anamwita hadharani, na Sparrowhawk ndilo la siri. Katika hadithi ambayo uchawi wake wote umesimama juu ya jina la kweli, na ambayo mwisho wake ni mtu kukiita kivuli chake kwa jina hilo, kosa hili linanieleza kila kitu. Waliotengeneza filamu hawakujua kitu gani kimebeba kitu gani. Rangi na jina vilionekana kwao kuwa maelezo ya juujuu yanayoweza kubadilishwa bila kuathiri hadithi.

Mwongozaji, Robert Lieberman, alipoeleza katika jarida la kituo hicho nia ya vitabu ilivyokuwa, Le Guin alijibu hadharani kwamba hakupenda kusemewa. Siku chache baada ya tamthilia kuonyeshwa akaandika makala katika jarida la Slate, akieleza kwamba mpango wake wa rangi ulikuwa wa makusudi tangu mwanzo. Miaka miwili baadaye alikuwa hajawasamehe. Aliandika kwamba watu wale walijisifu kuwa hawaoni rangi, ilhali walipunguza watu wa rangi wa Earthsea hadi mmoja na nusu. Aliyaandika hayo alipokuwa akiizungumzia filamu ya katuni ya Goro Miyazaki ya mwaka 2006, iliyotoka Japani. Kuhusu Japani alikuwa mpole zaidi. Alisema hajui vya kutosha habari za rangi kule, na kwamba ameambiwa watazamaji wa Kijapani huenda wanamwona Ged akiwa mweusi kuliko macho yake yanavyomwona. Naheshimu sana tofauti hiyo aliyoiweka. Hakuwa akimpima kila mtu kwa kipimo kimoja. Aliwadai watu wa nchi yake deni la nchi yake.

Utetezi wa kutoona rangi bado unasikika kila filamu mpya ya njozi inapotangazwa. Husemwa kwamba visiwa hivi havipo duniani, hakuna Afrika wala Ulaya humo, basi mwigizaji yeyote afaa. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama mwandishi angekuwa kimya. Lakini Le Guin aliandika nani ana rangi gani, kisiwa kwa kisiwa, na kama mwigizaji yeyote afaa, ni ajabu kwamba anayepatikana huwa mweupe karibu kila mara inapofika zamu ya shujaa.

Mkataba

Kilichomponza Le Guin mwaka 2004 kiko kwenye karatasi, na nadhani ndiyo sehemu ya kisa hiki ambayo mwandishi wa Dar es Salaam au Nairobi anayeuza haki za riwaya yake anapaswa kuikodolea macho. Mkataba ulimpa cheo cha mshauri. Yeye mwenyewe alieleza kwamba neno hilo lina maana yoyote ambayo watayarishaji wanataka liwe nayo, na mara nyingi halina maana yoyote. Alipotumiwa miswada ya filamu aliambiwa kwamba upigaji picha umeshaanza. Kushauriwa si kuidhinisha. Kama rangi, lugha au asili ya mhusika ni nguzo ya hadithi, iandikwe hivyo kwenye mkataba kabla ya sahihi, kwa jina la mhusika, pamoja na haki ya kulikataa jalada.

Toleo ambalo Le Guin aliweza kulisimamia lilikuja mwishoni kabisa. Kwa takriban miaka minne alishirikiana na mchoraji Charles Vess, wakiandikiana na kurekebisha michoro, kuandaa kitabu kimoja kikubwa chenye hadithi zote za Earthsea kwa ajili ya miaka 50 ya riwaya ya kwanza. Le Guin alifariki Januari 2018 na kitabu kikatoka Oktoba. Mwaka 2019 kilipata tuzo ya Hugo ya kitabu bora cha sanaa. Ndani yake Ged ana rangi ileile aliyopewa mwaka 1968.